Bibi Harusi Asiyetaka Kufunikwa Leso

Shangazi Benta mpendwa,

Naomba uniokoe kabla Jumamosi haijafika maana maji yamenifika shingoni. Mimi ni mama wa Donholm, kanisani ndimi kiongozi wa akina mama na huwa ndimi ninayewashauri wengine, kwa hivyo jina langu tafadhali usilitaje. Binti yangu Warigia anaolewa. Ni msichana mzuri, kazi yake ni kukata vitambaa kule Kariobangi na mafundi wa nguo wanampigania kwa vile mkono wake haukosei, ila tangu utotoni ana mambo yake, hapendi kushikwashikwa, kelele zikizidi anatoka, nguo ikimkwaruza shingoni anaivua, na ukimuuliza kitu anakujibu ukweli hata kama hukuutaka. Tulimchapa, tukamwombea, tukamchapa tena, Shangazi, hakuna tulichoacha.

Sasa mwaka jana akajipeleka mwenyewe kwa daktari, akarudi akatukalisha sebuleni akatuambia ana usonji, tena anatabasamu kama mtu aliyepata kiwanja. Nikamwambia usonji ni wa watoto wadogo, wewe umemaliza chuo, akanijibu, "Mama, hata mimi nilikuwa mtoto mdogo, na ulikuwepo." Hayo ni majibu ya kumpa mzazi kweli? Na mimi miaka yote hii nimemlinda, kila akitoka katikati ya harusi ya watu nawaambia ana vidonda vya tumbo, mpaka akina mama wa kanisa wakawa wanamletea juisi ya kabichi, naye anawarudishia chupa mbele yangu akisema tumbo lake halina shida yoyote.

Jumamosi ni ruracio, watu wa bwana harusi wanaleta mahari, na hata kama wewe ni wa ziwani, si wa kabila letu, nadhani umeona tunavyofanya: bibi harusi anafunikwa leso gubigubi pamoja na wasichana wengine, wanaingizwa hawaonekani hata kidole, bwana anamtafuta wake, akikosea anatozwa mbuzi na watu wanacheka. Jumapili iliyopita tukafanya mazoezi, shangazi zake wakaimba, wakapiga vigelegele masikioni, wakamsukuma huku na huku kwa furaha tu, Warigia akaitoa leso, akaikunja vizuri, akaiweka kitini, akaingia chumbani akajifungia hadi jioni. Alipotoka alisema, "Mkinifunika tena, Jumamosi sitakuwepo." Na huyo akisema hatakuwepo, usimwekee sahani.

Nikapanga mpango, kwa sababu mama hakosi mpango. Binamu yake Shiku ana urefu uleule, basi nikaona aingie chini ya leso badala yake, tumwonyeshe bwana harusi mapema leso yenye ukingo wa kijani, amchague Shiku, wageni wapige makofi, halafu tumtoe Warigia wakati wa chakula na hakuna atakayejua. Shiku akakataa katakata, "Aki Auntie, zii." Bwana harusi mwenyewe, Ndirangu, fundi wa cherehani, kijana ambaye sijawahi kumsikia akibishana na mtu, akaniambia, "Mama, nitapita mbele ya leso zote, na nitawaambia wazee hayupo." Mbele ya wazee, Shangazi.

Mimi nauliza tu, nifanye nini msichana awe sawa kwa siku moja? Siku moja tu, Jumapili aendelee na usonji wake. Na usidhani mambo hayo kayatoa kwetu, maana babake, Ngigi, ni mtu timamu kabisa, mtu wa utaratibu, wageni wakija yeye anakula chumbani, ana kikombe chake ambacho hakiguswi, na kiti chake hakijasogezwa tangu tuhamie hapa.

Mama Bibi Harusi, Donholm

*

Mama Bibi Harusi,

Pole. Naisema mapema kwa sababu huku mbele hutaisikia tena.

Unataka binti yako awe sawa kwa siku moja. Mama, amekuwa akijikaza kwa ajili yako tangu utotoni, na ule mlango aliojifungia ni uchovu wa kujikaza. Usonji si surua. Mtu huzaliwa nao, hukua nao, humaliza nao chuo na huolewa nao. Vigelegele unavyoviita furaha, yeye anavisikia kama wewe ungesikia mashine ya kusaga chuma imewashwa kando ya shavu lako. Mlimchapa kwa hilo, kisha mkashangaa kiboko hakitibu masikio. Alipopata jina la jambo lake akaja kwenu anatabasamu, ukampokea kwa ubishi. Ndiyo, yale yalikuwa majibu ya kumpa mzazi.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha kisicho maradhi, na anayekuumbua ni mkwe.

Kuhusu Ngigi, mimi si daktari na sitampima mume wa mtu gazetini. Lakini naona kikombe chake hukigusi, kiti chake husogezi, chakula unampelekea chumbani, na sijasoma popote kwamba ulimwombea. Kumbe kuishi na mtu mwenye mambo yake unajua. Unajua vizuri sana, basi mfanyie na binti vivyo hivyo.

Fanya hivi. Leo, bisha mlango wa Warigia na ungoje akuambie ingia. Omba msamaha kwa maneno machache, bila kumkumbatia. Muulize anataka Jumamosi iweje, kisha uliyoambiwa uyafanye. Huyo anajua vitambaa kuliko shangazi zake wote. Akitaka kufunikwa, achague kitambaa chake mwenyewe, na asipotaka, akae wazi kitini, wengine wafunikwe, Ndirangu awapite aende kwake. Shangazi zake waimbie kule mwisho wa hema. Chumba kimoja kiwe chake na ufunguo akae nao. Akivaa vizuia kelele, usivifiche chini ya kilemba. Na wewe kiongozi wa akina mama, simama uwaambie wageni kwamba binti yako ana usonji, hapendi kushikwa, wamsalimie kwa mdomo. Waambie pia vidonda vya tumbo vimepona.

Akisema bado hayuko tayari, siku isogezwe. Mbuzi hawaozi.

Umesema mimi ni wa ziwani. Ni kweli, lakini nimezeeka Makadara, na mbuzi wa faini nimewala pamoja na majirani zangu wa kwenu. Ile leso wazee wenu waliiweka ili bwana aonyeshe anamjua mkewe hata akifunikwa. Ndirangu ameshafaulu mtihani wenu kabla haujaanza.

Kwa hivyo ukipenda, endelea na mpango wako, ukimpata wa kumfunika. Atapita mbele ya leso zote, atawaambia wazee hayupo, na watu wote watageuka kukutazama wewe. Hapo itaonekana ni nani asiyemjua Warigia, na mbuzi utamtoa wewe.

Shangazi Benta