Glasi Ndogo za Baba

Azpeitia,
Novemba 14, 2019

Mpendwa kaka Kepa,

Hujambo huko Rosario? Wifi na watoto wanaendeleaje? Nimesikia joto limeanza kwenu. Huku mvua haijakatika tangu tumzike Baba, na goti langu linanisumbua, ila mimi ni mzima.

Uliniuliza kwenye simu aliishije miezi yake ya mwisho. Nilishindwa kukujibu kwa sababu ya kilio. Acha nikuandikie.

Baada ya kupasuliwa tumbo, Baba alikuwa akimeza kidogo tu. Aliacha kutoka. Balentin na Joxean, wenzake wa kuzunguka baa moja hadi nyingine tangu ujana, walikuja kumchukua jioni, akageukia ukutani.

"Sitaki kukaa na bia nzima mbele yangu kama mtoto aliyeshindwa kumaliza chakula," alisema.

"Nani kakwambia bia nzima?" Balentin akamjibu. "Zurito, mzee! Mafunda mawili, tunahamia kwingine. Vaa kofia, acha kudeka."

Akavaa. Unajua zurito zilivyo, bia kidogo tu chini ya glasi ndogo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee hawa wanazipenda. Inaisha kabla haijapata joto, hakuna anayemsubiri mwenzake, na mgonjwa hajulikani kati ya wazima. Baba alirudi mashavu yamemwiva, akaomba supu.

Kadiri nguvu zilivyopungua, baa nazo zilipungua, mpaka ikabaki ile ya pembeni mwa nyumba yetu. Kwa bahati mbaya mama mwenye baa alistaafu, akaja Olatz, mwanamke kutoka mji wa Donostia, akaweka glasi kubwa tu.

"Binti, hatujaleta ng'ombe kunywa maji," Joxean alimwambia. Watu walicheka, lakini Baba aliitazama ile glasi, akaomba kurudi nyumbani. Siku iliyofuata hakutoka kitandani.

Nilimwendea Olatz mwenyewe.

"Dada, glasi ndogo ni kuosha tu kutwa nzima," alisema. "Niko peke yangu hapa."

"Nitaosha mimi."

Alinitazama, halafu akanitupia aproni.

Basi glasi ndogo zikarudi, kila jioni nilisimama kwenye sinki la baa, na Baba alisimama kaunta na wenzake. Kaka, sikuwahi kumjua baba yule! Alikuwa akiwaigiza mapadri, akimtania Joxean kuhusu upara wake, akiimba. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, wewe unamjua. Nilikuwa nikiosha taratibu ili nisikie zaidi.

Jioni ya mwisho alilowesha midomo tu. Akamshika Balentin begani, akamwambia, "Tangulieni, nitawakuta." Hawakutangulia. Walimshika huku na huku mpaka mlangoni kwetu. Alifariki alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Hakuteseka.

Siku moja baada ya maziko, kengele ililia saa yao ileile. Nikafungua. Balentin alikuwa amesimama na mwavuli, Joxean nyuma yake.

"Mwambie baba yako ashuke," alisema.

Joxean alimvuta koti. Balentin akanitazama, akatazama viatu vyake, kisha akakaa kwenye ngazi na kulia kama mtoto. Joxean akauchukua mwavuli, akamkinga mvua.

Nilichukua koti langu, nikafunga mlango, nikamwinua Balentin. Tulikwenda. Olatz alinizuia nisipite upande wa sinki, akanimiminia zurito. Ilikuwa chungu, nikaimaliza. Kisha Balentin akajifuta uso, akaniambia, "Haya, binti, twende kwingine," nami nikawafuata kwenye mvua.

Wasalimie wifi Graciela, na Martín na Lucía, waambie shangazi yao anawakumbuka sana. Izaskun, shangazi yetu, anakusalimu na kukuombea. Mungu akulinde huko uliko, na akupe machozi mepesi kuliko yangu.

Dada yako akupendaye kutoka nyumba ya Baba,
Garbiñe