Mume Wangu Huwatetea Mbwa Bandani, Nyumbani Huwafukuza

Shangazi Honorata mpendwa,

Kabla sijamwaga yaliyo moyoni naomba ujue kwamba mimi ni mwanamke mwenye furaha, maana wengi wanaokuandikia wanalia na waume zao, na mimi wangu nampenda hadi nikisikia pikipiki yake inakata kona moyo unaanza fujo, tumeoana baada ya Idi na hina haijaisha vizuri kwenye kucha zangu, lakini tangu wiki iliyopita situlii, nakaa nainuka, wali naunguza, na hapa Kibiti sina wa kumwambia kwa sababu kila ninayemjua ni ndugu yake.

Mume wangu anaitwa Abdulrazaq, ana banda la kuonyesha video, na kazi yake hasa ni kutafsiri, filamu ikiwa ya kizungu au ya kihindi anakaa pembeni na kipaza sauti anawasemea wote, mzee, polisi, mtoto, hata bibi kizee. Nilimpenda kwa sauti hiyo kabla sijaiona sura yake, nilikuwa nimetoka kwetu Mtawanya kumtembelea mama mdogo, nikapita nje ya banda nikasikia mwanamume anaomba msamaha kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuniomba mimi, nikasimama pale na kapu la mihogo hadi filamu ikaisha.

Sasa Jumapili ile alionyesha filamu ya watoto wanaokusanya mbwa wasio na kwao, wanawaficha kwenye ghala bovu na kugawana nao chakula huku wakubwa wanawatafuta mbwa hao wawaue, na Razaq aliisema vizuri mno hadi wanawake waliokuja kufuata watoto wao wakavuta benchi wakakaa. Yule kijana mkubwa alipofungua mlango wa ghala, Razaq akamsemea kwa ile sauti yake ya chini, “Mbwa atakayefika mlangoni kwangu hatalala na njaa.” Nililia, Shangazi, nikajiambia nimeolewa pazuri.

Kesho yake watoto wa mtaani wakaja mlangoni kwetu, mbele yao Siti, mdogo wake Razaq wa mwisho, ana miaka tisa na tunaishi naye, na nyuma yao mbwa jike mwekundu na vitoto vyake. Mbwa huyo alianza kuzunguka kwetu siku ya harusi akila ukoko wa pilau, ndiyo maana watoto wanamwita Bi Harusi na wananicheka kwamba tumeingia nyumba hii siku moja. Razaq alikuwa anatoka na kanzu kwenda msikitini, akarudi nyuma kama kaona nyoka.

“Siti, toa najisi hiyo mlangoni. Mama anakuja kuswali humu.”

“Kaka, si wewe ulisema hatalala na njaa?”

“Ile sinema. Kwenye sinema hata maiti anaamka.”

“Basi una midomo miwili, wa bandani na wa nyumbani.”

Razaq akaokota jiwe, hakumlenga mtu wala mbwa, alilitupa tu pembeni, lakini watoto walikimbia, na mimi nikawa namtazama anavyokwenda na kanzu yake nyeupe ninayoipiga pasi mwenyewe, najiuliza nimeolewa na huyu au na ile sauti.

Alipopotea nikawaita watoto. Jirani yetu amehamia Mbwera na banda lake la kuku liko tupu, tukamficha Bi Harusi na vitoto vyake humo, nikawa nawapelekea ukoko na vichwa vya samaki Razaq akiwa kazini, na kila nikimaliza naosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa, nisije nikaingiza najisi kwenye nyumba ya watu. Juzi Razaq alinishika mikono akainusa akasema, “Zamda, mikono yako inanukia mvua,” na badala ya kuyeyuka nilitaka kukimbia, kwa sababu ni mara ya kwanza ananisifia kitu na kitu chenyewe ni uongo wangu.

Sasa limepita gari la matangazo, wiki ijayo mbwa wote wapelekwe uwanjani kuchanjwa, asimame mtu mzima aseme huyu ni wangu, na yule asiye na mwenyewe atauawa. Watoto wananitazama mimi. Siti ananiambia, “Wifi, wewe umeshakuwa mkubwa, si umeolewa?” Na mama mkwe wangu, Bi Salama, anakuja kutoka Mohoro siku hizo hizo kumwona mkamwana, ni mcha Mungu sana, kila akipiga simu tunazungumza vizuri tu habari za nguruwe pori wanaomfilisi mpunga, nitamkabili vipi nikiwa na harufu ya mbwa. Halafu kitoto kimoja cha Bi Harusi kilimng'ata Siti kidole tukampaka majivu, nikamwomba asimwambie kaka yake, na kidole kinaendelea vizuri.

Nikisema, naogopa ataokota jiwe jingine na mimi sitamwona tena kama nilivyomwona. Nisiposema, Bi Harusi anakufa na vitoto vyake. Nifanye nini, Shangazi, nisiharibu utamu huu?

Zamda, Kibiti.

JIBU

Zamda mwanangu, hongera ya ndoa. Sasa nisikilize.

Umeniandikia sentensi kumi za mapenzi na moja ya kidole, na hiyo moja umeificha mwishoni kama mtu anayefagilia uchafu chini ya mkeka. Mtoto ameng'atwa na mbwa ambaye hajachanjwa, wewe umempaka majivu na kumfunga mdomo. Ujumbe nimeshakutumia kwenye simu kabla ya gazeti hili kuchapwa, na naurudia kwa wengine wenye tabia kama yako: kidonda cha mbwa huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa muda mrefu, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Siku zikiwa zimepita, nenda hivyo hivyo. Kidole kupona si dalili ya kitu chochote. Kichaa cha mbwa kikishajionyesha kwa mtu hakina dawa, na hakimwulizi mtoto kama wifi yake alikuwa na huruma.

Huruma yako naiheshimu, ila uliipeleka kwa mbwa ikamruka mtoto.

Kuhusu mumeo, unamwogopa bure. Mwanamume aliyeokota jiwe akalitupa pembeni hakuwa na nia ya kumpiga mtu, alikuwa ameshikwa na maneno yake mwenyewe mbele ya watoto na akaona haya. Na wewe usijifanye umedanganywa. Ulimpenda akiwa anasema maneno ya watu wengine, sasa ndiyo unaanza kumjua akisema ya kwake. Kila aliyeolewa hufika hapo, wewe umefika mapema.

Mwambie leo, Siti akiwepo, na anza na kidole. Usianze na mbwa wala machozi. Atakasirika, na ana haki, huyo ni mdogo wake. Mwache akasirike, kisha mpande pikipiki wote watatu hadi hospitali.

Mambo ya najisi mimi Mkristo sitakufundisha, muulizeni ustadhi wenu kuhusu mbwa wa kulinda shamba. Lakini wewe mwenyewe umeniambia mama mkwe wako analia na nguruwe pori, na hukuona ulichoandika. Bi Harusi hana nafasi sebuleni kwako. Nafasi yake ni bondeni Mohoro, chini ya dungu wanapokaa watu kulinda mpunga. Bi Salama akifika mwulizeni kwa adabu, msimfiche. Vitoto navyo, wakulima wengine wa huko watavipokea. Mpaka siku ya chanjo hakuna mtoto wa kuingia tena kwenye lile banda la kuku, chakula weka wewe kwa mbali, na bwana mifugo mwelezeni kwamba kuna aliyeng'ata, yeye atawaambia la kufanya. Akisema kitoto kile kitengwe, kitatengwa, hata watoto wakilia.

Siku ya uwanjani asisimame Zamda. Asimame Abdulrazaq, na kanzu yake, ashike kamba, aseme kwa sauti ile ile mbele ya watoto wale wale kwamba mbwa huyu ni wake. Wewe kaa nyuma kwenye benchi na kapu lako, usikilize.