Mirija ya Nyongo

12 Machi, mwaka wa thelathini na moja ugenini

Mdogo wangu mpendwa,

Macho yangu yalipogeuka manjano na mwili kuniwasha, madaktari wakubwa walisema, "Mzee, acha pombe." Mwanao, daktari mgeni pale hospitalini, akaangua kicheko mbele yao: "Mjomba huyu? Hata sharubati humlewesha!" Akashikilia nipigwe picha ya mirija ya nyongo. Kumbe imesinyaa kwa makovu, ugonjwa wanaouona kwa nadra. Akaipanua kwa mkono wake, akatia kijibomba, nyongo ikapita. Umezaa, mama!

Kupona kabisa hakuna. Kijibomba hubadilishwa kila baada ya miezi michache, nami siuamini mkono mwingine. Kile chumba unachonifagilia, mpe mpangaji. Sitarudi.

Kaka yako