Kuponi Nne za Sinema

Jumatatu, 4 Agosti 1980

Vibandiko vya dawa ya kikohozi tangu asubuhi. "Tikisa" imepigwa "tisika" mara mbili. Nimezungushia kalamu nyekundu, nimerudisha. Miaka tisa nasoma prufu katika kiwanda hiki cha kupiga chapa na bado wananiletea "tisika".

Saa kumi meneja akatuita. Kwa kuwa ni sisi tuliochapa kijitabu cha tamasha la filamu, wenye tamasha wametuletea kuponi. Nne kwa kila mfanyakazi. Kuponi moja, mtu mmoja, filamu moja. Wenzangu wameanza kuzigawa kwa mashemeji. Zangu ziko ndani ya mkoba, zipu imefungwa.

Hakuna mtu Nairobi anayekijua kijitabu kile kunishinda. Nimekisoma mara tatu nikisaka makosa. Nimechagua. Ile ya Japani, ya ndugu wawili wauza samaki. Ile ya mshona nguo wa Poland. Ile ya Afrika Magharibi, ya mjane na kisima. Ya nne sijaamua, na raha yenyewe ni kutoamua.

Nitakwenda peke yangu. Naandika hapa ili nisije nikalegea.

Jumanne, 5 Agosti

Kosa langu mwenyewe. Niliacha kijitabu mezani. Mama Njoki wa mlango wa pili akaja kuomba chumvi, akakichukua, akaanza kukisoma kwa sauti. Baba alikuwa amelala, nilidhani. Akainuka kama mtu aliyechomwa sindano.

"Sinema? Tunakwenda lini, mama?"

Nimepewa jina la mama yake, Mwende. Huniita mama anapotaka kitu.

Yuko kwangu wiki ya tatu sasa. Kaka yangu Kimanzi alimleta kutoka Kitui kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho, wanasema. La kulia limekwisha, la kushoto anasema linaona kidogo. Tarehe yake hospitalini ni wiki ijayo. Mpaka hapo amelala kitandani kwangu, mimi niko sakafuni, na kwa maneno yake uji wangu ni mwepesi, na redio yangu inakoroma, na mtaa wetu wa Shauri Moyo una kelele.

Huyu ndiye aliyeendesha gari la sinema la serikali miaka kumi na minne. Aliizunguka Ukambani yote. Alisimama mbele ya watu na kipaza sauti akiwaeleza picha kwa Kikamba. Watoto wa Mwingi walimwona. Watoto wa Mutomo walimwona. Mimi hakunichukua hata siku moja. Nilikuwa msichana, gari lilikuwa la kazi. Leo nimepata kuponi zangu nne na anauliza tunakwenda lini.

Nimesema kesho. Sijui kwa nini nimesema kesho.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu. Sitaki hata kuandika.

Ilikuwa ile ya Japani, saa kumi na mbili jioni. Tulitembea kutoka Shauri Moyo, Baba ameshika kiwiko changu njia nzima kwa sababu ya watu wengi, anasema. Tukaketi mahali pazuri. Filamu ikaanza. Kijapani, na maandishi ya Kiingereza chini.

Mimi, niliyesoma kijitabu mara tatu, sikukumbuka hilo. Baba hajui Kiingereza.

"Wanasema nini?" Nikamnong'oneza. "Anasema samaki wameoza." "Nani anasema?" "Yule mkubwa." "Anamwambia nani?" Hivyo hivyo, kila sentensi. Watu wakaanza kusonya. Bwana mmoja mwenye tai akageuka: "Hii ni sinema, si soko." Baba akamjibu kwa sauti kamili kwamba hata sokoni watu hueleweshana. Mlinda mlango akaja na tochi, akatumulika usoni. Alikuwa na adabu, hilo ndilo baya zaidi. "Mama, tafadhali, mtoke na mzee."

Tukatoka. Yule ndugu mdogo alikuwa ndio kwanza ameshika kisu. Sitajua kamwe alikifanyia nini.

Njiani Baba akasema Wajapani wanaongea kama watu walioachwa na gari. Sikucheka. Kuponi mbili zimekwenda.

Alhamisi, 7 Agosti

Mshona nguo wa Poland alikuwa leo. Sikwenda. Nilirudi nyumbani kupika.

Baba anataka nyingine. "Chagua isiyo na maneno mengi." Nimechukua kijitabu na kalamu nyekundu. Hii ina maandishi. Hii ina maandishi. Hii ni ya ng'ombe na dawa ya kupe, atasema aliionyesha yeye mwaka wa hamsini na nne. Kuna moja ya zamani isiyo na sauti kabisa, ya fundi wa mapaa anayekwama juu ya paa siku ya harusi yake. Itaonyeshwa bure Jumamosi hapa kwetu sosho, ukumbi wa mtaa. Nilishaifuta kwa mstari mapema. Upuuzi wa watoto. Na ni saa ile ile ya mjane na kisima.

Namtaka yule mjane. Nina miaka thelathini na moja. Nataka saa mbili ambazo hakuna mtu ananiuliza anasema nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemdanganya Baba.

Aliuliza tunakwenda ipi kesho. Nikasema kuponi zimekwisha, kila mtu alipewa mbili tu. Nikasema Jumamosi niko kazini mpaka jioni.

Nilingoja abishane. Akasema, "Mbili. Sawa." Akageukia ukutani.

Bora angebishana.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika pole pole nisiruke kitu.

Nilikwenda. Nilikaa katikati kabisa, peke yangu. Mjane anakatazwa na shemeji zake kuteka maji kwenye kisima alichochimba mume wake. Basi tu, hiyo ndiyo filamu. Nililia bila leso na hakuna aliyenigusa. Nilitoka nimejaa. Sikujuta hata kidogo, naandika ukweli.

Kufika nyumbani, mlango umerudishwa, kitanda kitupu. Nikatoka mbio. Mama Njoki alikuwa nje anaanika nguo.

"Si yuko sosho? Kuna sinema ya bure. Nimempeleka mwenyewe kwa mkono. Kumbe babako ni mtu wa vituko hivi! Kimbia, utakuta mwisho. Walichelewa kuanza, stima ilipotea."

Niliisikia sauti yake kabla sijafika mlangoni. Ukumbi umejaa. Akina mama wa soko la Gikomba na mizigo yao, makarani, watoto wamekaa chini. Mbele kabisa, kando ya shuka nyeupe, Baba amesimama akiwatazama watu, picha ziko nyuma yake.

"Sasa fundi anawaza: nikishuka, mbwa. Nikibaki, baba mkwe! Ndugu zangu, nani ana meno makali zaidi?"

Watu hoi. Mwanamke mmoja alikuwa anajipangusa machozi kwa kitambaa cha kichwa. Nikacheka na mimi. Sijawahi kumsikia akifanya kazi yake. Ana sauti ya kijana akiwa pale.

Halafu nikatazama shuka. Hapakuwa na mbwa. Bibi harusi alikuwa anarusha kamba juu, mara ya kwanza, mara ya pili. Baba bado anaeleza mbwa. Watu wakadhani ndio utani wenyewe, wakazidi kucheka.

Filamu ikafika mwisho. Taa zikawashwa. Mashine ilikuwa bado inazunguka, mkia wa filamu unapiga tap, tap, tap. Watu wakapiga makofi, wakaanza kuinuka. Na Baba, katikati ya mwanga wote ule, akainua mkono: "Ngojeni! Sasa anashuka..."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Nilipita katikati ya watoto nikamshika kiwiko. "Baba, imekwisha."

Akashusha mkono. Kisha, chini kwa chini, kwa Kikamba: "Taa zimewashwa?"

"Zimewashwa."

"Tangu lini?"

Nyumbani amesema. La kushoto nalo lilizimika kabla ya Pasaka. Kimanzi hajui. Filamu ya fundi aliionyesha mara nyingi enzi za gari, anaieleza kwa kukumbuka tu. "Watu wakijua huoni, wanaanza kukuamulia hata sukari ya chai." Basi Jumatano ile nilimsomea maandishi yote, na picha sikumweleza hata moja. Nilidhani anaziona. Aliketi pale gizani akisikiliza Kijapani.

Nimemkasirikia. Wiki tatu sakafuni, kando ya kitanda chake, na sikujua. Nimejikasirikia mimi zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani asubuhi. Nimewaambia watu mbele yake kwamba Baba haoni, kwa idhini yake. Amepewa kiti cha mbele na hajalalamika.

Baada ya chakula tumekaa mlangoni kuchambua maharagwe. Anayajua mawe kwa vidole kuliko mimi kwa macho. Nikamwambia kuhusu jana. Kwamba sikuwa kazini. Kwamba zilikuwa nne.

Akatupa jiwe nje. "Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

"Basi sema."

Nikaanza. Akanisimamisha hapo hapo. Kisima kiko upande gani wa nyumba? Kamba ya ndoo ni ya katani au ya ngozi? Mjane ni mrefu? Nilidhani sitakumbuka. Nimekumbuka karibu yote. Nisiyokumbuka nimesema sikumbuki, naye akasema haidhuru, endelea.

Saa nane imepita. Filamu ya mwisho ya tamasha imeanza saa hiyo, na kuponi yangu ya nne bado iko mkobani. Mama Njoki amekuja na kigoda chake, amekaa.

Tumefika pale shemeji wanapokuja na kufuli. Kumeingia baridi, tumeingia ndani. Tutaendelea baada ya chai.