Lugha Uliyompa Kavira

Yaya Paluku, mkubwa wangu na mwalimu wangu,

Tangu tukuzike, Mama Katungu amefungua depo nyingine ya dawa Beni, na programu yako ya stoki haitoshi tena. Uliitengeneza kwa Butembo tu. Ametuita sisi wawili uliotufundisha, mimi huku Butembo na Kavira kule Beni, tuandike mpya. Sharti lake ni moja: tuchague lugha moja ya kuandikia programu.

Mimi ni wa PHP, Kavira ni wa Python. Wewe ndiye uliyetugawia lugha hizo.

Uliponianzisha, ulicheka ile alama ya dola inayowekwa mbele ya kila jina katika PHP. "Ona, hii ni luga ya batu ya Butembo: bila dola, hakuna kitu inatembea!" Nilidhani mzaha huo ni wetu wawili. Jumatatu, tukibishana kwa simu, Kavira akanirushia: "Weye na dola zako! Yaya alikuwa anatuchekesha nayo kila siku huku Beni." Kumbe nilikuwa nachekwa nisipokuwepo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Python inadai kila mstari uanze mahali pake, kama maharagi yaliyopandwa kwa safu shambani. Mimi ninayepanga hata viatu mlangoni, Yaya! Hiyo ilikuwa lugha yangu. Ulisema wateja wa Butembo wanataka PHP, nikatii. Mbona yeye ulimpa ile?

Basi nilitetea PHP mbele ya Mama, sababu juu ya sababu. Akaniangalia. "Muhindo, lakini hii ni sababu ya kazi, ao ya roho?"

Anataka programu imwonye dawa gani itaisha kabla gari halijafika, na Kavira ameshaandika sehemu hiyo kwa Python. Nimeijaribu mwenyewe, nikitafuta kosa. Nilitaka sana kulipata. Inakadiria vizuri kuliko mimi. Nikishinda mimi, kazi yake inatupwa, naye, asiyejua PHP, anarudishwa nyumbani.

Nilisema Python.

Usidhani wivu umekwisha. Kesho nashuka Beni kukaa kando yake kama mwanafunzi, mimi niliyemtangulia kwako. Nakuahidi nitajifunza vizuri, na sitamuuliza ulisema nini kingine juu yangu. Lakini kila akianza, "Yaya alinionyesha hivi," nitatoka nje kidogo, kisha nitarudi.

Hilo uniruhusu. Pumzika, Yaya wangu. Yaya wa Kavira pia.

Muhindo