Lifti Iliyoangukia Juu

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima, na jino uliloulizia nimeshaling'oa. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya yaliyonipata Jumatatu.

Kazi ni ile ile ya kutengeneza lifti. Siku hiyo nilipanda na mwenye jengo nimwoneshe kuwa breki imekwisha. Tukakwama tukiwa tumeipita ghorofa ya nne kwa nusu mlango; tulipoufungua, chini ukabaki uwazi wa kutufika kiunoni. Mzee akalala kifudifudi, akatanguliza miguu nje.

"Mzee, rudi! Upande wa pili wa kamba kuna chuma kizito kuliko lifti na sisi wawili. Breki ikiachia tunapanda, na uwazi huo utajifunga wewe ukiwa katikati."

"Fundi, usinifanye mtoto. Tangu lini kitu kikaangukia juu?"

"Tangu upande wa pili uwe mzito."

Akaendelea kujisukuma. Nikamshika mkanda nikamburuta ndani kama gunia. Alinitukana tusi ambalo hata baba hakuwahi kulifikia. Hajalimaliza, breki ikaachia. Uwazi ukajifunga ukizikwangua soli za viatu vyake, nasi tukapaa hadi chuma kilipotua kwenye springi huko chini, lifti ikasimama.

Mzee bado amelala, ameukumbatia mguu wangu.

"Fundi," akasema, "hebu nieleze tena habari za hicho chuma. Polepole."

Breki mpya imefungwa leo. Mama usimsomee barua hii.

Ndimi mdogo wako, ambaye kwa sasa anapanda kwa ngazi.