Namba ya Baba

Yaya Giramia, uliyenitangulia kuzaliwa,

Barua hii isome peke yako, kisha itie motoni. Usimsomee Mama, usimwambie hata shemeji. Nakuomba kwa jina la marehemu Baba: neno moja likitoka, mtu atakufa, na huenda nikawa mimi.

Miguu ya Mama inaendeleaje? Watoto wako wazima huko Mahagi? Maharage mmeshavuna? Mimi sina homa, ila chakula hakishuki.

Unaikumbuka kazi niliyoisifu, ya kupokea ujumbe wa raia kwenye kompyuta ya komini, ofisi ya serikali hapa mjini? Mtu anaandika malalamiko yake kwa simu. Wakubwa wanasoma maneno, lakini namba naiona mimi tu. Mimi mwenyewe nilikwenda kambini kwa watu waliokimbia vita vya Djugu nikawaambia, "Andikeni bila woga, namba zenu naziona mimi peke yangu. Asiye na simu atumie ya jirani." Walinipigia makofi, Yaya.

Wakaandika juu ya mabati. Yaliletwa kwa ajili ya shule ya watoto wao, yakaonekana juu ya nyumba ya shefu wangu, mkuu wa ofisi. Hata fundi aliyeyapigilia aliandika, maana aliona alama ya shule kwenye kila bati.

Hapo ndipo nilipokosea. Ofisini kwetu karatasi isiyo na mwenyewe haipigwi muhuri. Nilipopeleka ukurasa wa kwanza wa ujumbe wao, katibu mzee alinirudishia akicheka.

"Hii iko barua ya nani? Ya shetani? Weye ulisoma sana, lakini kazi ya humu ndani ya biro haujue!"

Nilitaka muhuri, na niliona aibu. Nikaandika namba za simu pembeni kwa kalamu yangu. Akagonga muhuri, na ukurasa ukaenda mezani kwa shefu.

Siku ya tatu fundi alichukuliwa sokoni. Amerudi akiwa amevunjwa vidole vya mkono wa kuume, hashiki nyundo. Tulikutana kwenye barabara ya Lumumba. Sikupata pa kujificha. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mudogo, si ulisema ni weye peke yako unaonaka?"

Kurasa zilizofuata sikuzitia namba; kompyuta iliwaonyesha wakubwa tu kwamba simu moja imetuma mara tisa. Ijumaa shefu aliniita.

"Kuko numero moja ilituma mara tisa. Unipatie. Kama hauna, basi ni weye unaandikaka." Akatabasamu, akanisogezea kiti na karatasi.

Namba hiyo ni ya mama mmoja aliyekimbia kutoka Bule, mwenye wajukuu wanne chini ya turubai. Yeye hajui kuandika. Majirani wote wanaomba simu yake, kama nilivyowafundisha mimi.

Sikuweza kuacha nafasi tupu. Nikaandika namba ya ile simu ndogo mnayonipigia nyinyi tu, ambayo ofisini hawaijui. Kadi ya simu hiyo Baba aliiandikisha kwa jina lake kabla hajafa. Shefu aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Ukinidanganya, nitajua."

Kadi nimeivunja. Nikitoroka sasa watajua nilidanganya, wamtafute yule mama, kwa hiyo kila asubuhi navaa shati nakwenda kazini, nawasalimu wote, na katibu ananiuliza mbona nakonda.

Mpe Mama pole ya miguu. Msalimie shemeji, na mjomba wetu katekista. Mwambie aniombee, asiulize kwa nini. Mwanao mkubwa asome, lakini asitamani kazi ya ofisi.

Mimi mdogo wako; jina siandiki.

Ukitaka kunijibu, mpe karatasi shoferi aliyekuletea hii. Usiandike jina langu wala lako. Ataiacha kwa mke wake, nami nitaichukua Jumapili baada ya misa. Ile namba yangu iliyoandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, ifute leo. Mama akiuliza, sema simu imeibwa. Na akija mgeni yeyote anamtafuta Baba, msibishane naye. Mpelekeni kaburini, asome jina mwenyewe.